Sungura na Mtoto Mwenye Ulemavu wa Viungo: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Vikao Vinavyompa Moyo

Kosa linalojirudia ni lilelile. Sungura ananunuliwa Ijumaa, Jumamosi anawekwa mapajani mwa mtoto aliye kwenye kitimwendo, na kufikia Jumatatu mtoto ana mikwaruzo, mama amekasirika, na sungura amerudishwa bandani kwa maelezo kwamba "mtoto hampendi." Mtoto hakumkataa sungura. Waliogopa wote wawili, na hakuna aliyekuwa amewaandaa.

Mwongozo huu ni wa wazazi, walimu wa vitengo vya elimu maalumu na wahudumu wa vituo vya watoto wenye mtindio wa ubongo (ubongo ulioathirika hadi misuli haitawaliki vizuri), mgongo wazi (uti wa mgongo ambao haukufunga kabla ya kuzaliwa), au waliopoteza nguvu za viungo kwa ajali na maradhi. Tuelewane mapema: sungura hanyooshi mguu wala haondoi mtindio wa ubongo. Anagusa mahali pengine. Mtoto huyu analishwa, anavishwa, anaogeshwa, anabebwa, tangu kunapokucha hadi analala. Siku nzima yeye ni wa kupokea. Mbele ya sungura mwenye njaa, kwa mara ya kwanza yeye ndiye anayetegemewa. Kila hatua hapa chini imejengwa juu ya jambo hilo.

Kikao kikiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia, wa tiba kazi (anayemfundisha mtu kumudu shughuli za kila siku) au wa saikolojia, kwa malengo yaliyoandikwa, ni tiba. Ukikifanya wewe nyumbani au darasani ni shughuli ya kumjenga mtoto. Zote mbili zina faida, ila usiwaambie wazazi unatoa tiba kama huna mtaalamu.

## Kwa nini sungura, na si mbwa, kuku au punda

Mbwa hubweka, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo akishtuka mwili mzima hukakamaa. Familia nyingi za Kiislamu hazitaki mate ya mbwa yaguse nguo wala mwili wa mtoto, na hilo liheshimiwe bila mjadala. Kuna pia kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza hauna tiba.

Vifaranga hubeba vijidudu vya salmonela hata wakionekana wazima, kwa hiyo watoto wa chini ya miaka 5 wasiwashike kabisa. Punda ni mnyama mtulivu, lakini usimpandishe mtoto juu yake. Kupanda mnyama kwa ajili ya tiba ni fani yenye wataalamu wake na vifaa vyake, na nyonga za watoto wengi wenye misuli iliyokaza huwa zimeanza kutoka mahali pake bila mzazi kujua.

Sungura yuko kimya, anaenea mezani, nyasi zake ziko nje ya mlango, na wanyama wawili hawavunji mfuko wa kituo.

## Vifaa: viwe tayari kabla sungura hajafika

- Sungura majike 2 wa uzao mmoja. Mmoja peke yake hupata upweke, na madume wawili watapigana.
- Banda lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 70, likiwa kivulini. Kama sakafu ni waya, weka ubao wa kupumzikia. Waya mtupu huchubua nyayo.
- Makopo 4 ya kusimikia miguu ya banda, yenye maji au oili chafu. Siafu wakiingia usiku mmoja wanatosha kumaliza sungura wote.
- Beseni pana la plastiki, kama sentimita 40 kwa 60, kina cha sentimita 12, na taulo 3 nzito. Kanga huteleza, isitumike ndani ya beseni.
- Meza imara, au meza ya kitimwendo yenye kipande cha zulia juu yake.
- Brashi laini ya nywele za mtoto mchanga.
- Mzani wa jikoni au wa kuning'iniza unaofika kilo 5.
- Kibuyu chirizi au ndoo yenye bomba, na sabuni.
- Kikata kucha, daftari 1, na kadi 3 zenye sura: iliyofurahi, ya kawaida, yenye huzuni.
- Watu wazima 2 kwa kila kikao. Mmoja wa mtoto, mmoja wa sungura. Hili halipunguzwi, kwa sababu sungura akiruka na mtoto akakakamaa kwa pamoja, mtu mmoja hawezi kuwalinda wote.

Usipambe chumba kwa maputo. Watoto wengi wenye mgongo wazi hupata mzio wa mpira wa asili, ule wa maputo na baadhi ya glovu, na mzio huo unaweza kufunga pumzi. Tena puto likipasuka, sungura na mtoto wote wameshtuka.

## Hatua ya 1: Mchague sungura kwa macho na mikono

Nunua wakiwa na umri wa wiki 8 hadi 10, wa aina itakayofika kilo 3 hadi 4. Wale wadogo wa mapambo ni wepesi mno na mifupa yao ni dhaifu.

Kagua ndani ya masikio na kwenye pua: magamba ni dalili ya ukurutu, ambao unaweza kumwasha na mtoto. Mabaka yasiyo na nywele yanaweza kuwa mapunye. Geuza miguu ya mbele uitazame upande wa ndani. Manyoya yaliyogandamana hapo yanaonyesha kwamba anajifuta kamasi. Chini ya mkia pawe pakavu na safi.

Kisha chuchumaa, weka mkono chini, usubiri. Mchukue yule anayesogea kunusa. Yule aliyejibana na kuganda, ambaye muuzaji atakuambia ni mpole, ameogopa tu.

Mwite afisa mifugo wa kata awaangalie wiki ya kwanza. Na familia nzima, au kituo kizima, kikubaliane kwa sauti kwamba sungura hawa si kitoweo. Mahali pengi sungura hufugwa kwa nyama, na mtoto akigundua rafiki yake amechinjwa, kazi yote imekufa siku hiyo.

## Hatua ya 2: Wiki 6 za kumzoesha

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo vikao vinapoharibikia.

Wiki ya 1. Usimguse. Kaa karibu na banda dakika 15 asubuhi na jioni, ukiongea kwa sauti ya chini.

Wiki ya 2. Mlishe majani kwa mkono.

Wiki ya 3. Mpapase paji la uso, kisha katikati ya masikio, kisha mgongo. Mkono utokee ubavuni. Sungura haoni kitu kilicho puani pake moja kwa moja, na mkono unaotokea mbele kwake ni shambulio.

Wiki ya 4. Mfundishe kutulia ndani ya beseni, maana ndimo atakamokaa wakati wa kikao. Mnyanyue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine ukibeba makalio, umbane kwenye mwili wako. Kamwe usimshike masikio. Miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko mgongo wake, hivyo akirusha teke makalio yakiwa yananing'inia, uti wa mgongo unaweza kuvunjika palepale. Wala usimlaze chali ili "atulie." Anaganda kwa hofu, kama aliyeshikwa na mnyama mkali.

Wiki ya 5. Sauti. Sogeza kitimwendo tupu umbali wa mita 5, funga na kufungua breki, kohoa, cheka kwa nguvu. Kila siku sogea karibu kidogo.

Wiki ya 6. Jaza soksi vitambaa, uifunge kwenye kijiti, na umpapase nayo kwa mwendo wa kushtukashtuka, kama mkono wa mtoto asiyeutawala vizuri.

Amefuzu akiwa ndani ya beseni, kitimwendo kinapita umbali wa mita 1, naye anaendelea kutafuna. Sungura mwenye hofu hali chakula. Kipimo hiki hakidanganyi, na kama hali, ongeza wiki 2 bila kusikitika.

Kucha zikatwe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Kata ncha tu. Ndani ya ukucha kuna mshipa mwekundu unaoonekana ukimulika tochi, na huo usiguswe.

## Hatua ya 3: Mjue mtoto

Muulize mzazi, na ikiwezekana muuguzi au daktari wake, maswali haya kabla ya yote. Ana pumu au mzio wa manyoya? Ana kifafa, na dawa zinamtuliza? Ana vidonda vya mgandamizo au jeraha lililo wazi? Mifupa yake huvunjika kirahisi? Kinga yake ya mwili imeshuka? Amewahi kuumwa na mnyama? Chanjo ya pepopunda amepata? Jibu la "ndiyo" katika maradhi haya halimfungii mtoto mlango, ila daktari aseme kwanza.

Mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hana hisia miguuni. Sungura akimkwaruza paja hatalia, na kidonda kitaonekana siku ya tatu kikiwa na usaha. Kwa hiyo kwake sungura hawekwi mapajani, awe mezani, na ngozi ikaguliwe baada ya kila kikao.

Muulize na mtoto mwenyewe. Kama hasemi, mwonyeshe picha ya sungura na utazame macho na mwili wake. Akigeuza uso, hilo ni jibu.

## Hatua ya 4: Saa na mkao

Sungura hawezi kuvumilia joto. Likivuka nyuzi 28 anaanza kutaabika. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, fanya kikao kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Akihema mbio, masikio yakawa ya moto na mate yakamtoka, mpeleke kivulini umloweshe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umwite daktari wa mifugo.

Mtoto akae nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikiwa vimekunjwa kama pembe ya meza, nyayo zikanyage kitu. Miguu inayoning'inia hukaza mwili wote hadi vidoleni. Funga breki za kitimwendo. Meza iwe usawa wa viwiko. Juu ikizidi, mabega yanapanda na mkono haufunguki.

 

## Hatua ya 5: Kikao cha kwanza hakuna kugusa

Dakika 10 tu. Sungura yuko kwenye beseni umbali wa mita 2, anakula. Mtoto anatazama. Wewe unasimulia kinachoonekana: "Anatafuna. Pua inacheza. Sikio limegeukia kwako."

Sogeza meza pale tu mtoto anapoomba, kwa neno, kwa kidole au kwa macho. Wapo watakaotaka kugusa siku hiyohiyo, wapo watakaohitaji vikao 4. Ukiulazimisha mkono wake kugusa manyoya, umemfundisha kwamba hata hapa mwili wake unaamuliwa na wengine.

Umefanikiwa kama mtoto anauliza, kwa njia yake, sungura atakuja lini tena.

## Hatua ya 6: Mkono uliokunjwa ngumi

Hapa tulia, maana ndipo mikwaruzo mingi inapotokea. Mtoto mwenye misuli iliyokaza akifurahi sana, ngumi inajifunga. Manyoya yakiwa ndani ya ngumi hiyo, sungura anavutwa, anaruka, anakwaruza. Hakuna aliyekosea.

Kabla ya sungura kuletwa, tumia dakika 5 kuufungua mkono. Usivute vidole, ukivivuta vitakaza zaidi. Kunja kifundo cha mkono taratibu kuelekea chini, upande wa kiganja, na utaona vidole vinalegea vyenyewe. Papasa upande wa kidole kidogo na mgongo wa kiganja. Toa dole gumba kwa kulishika kwenye shina lake, si kwenye ncha. Vidole vikishafunguka, urudishe kifundo polepole huku kiganja kikiwa kimelala juu ya taulo. Mtoto akionyesha maumivu, acha.

Sasa leta beseni. Sungura alale ubavu wake ukielekea kwa mtoto, mhudumu wake akiwa amezungushia mkono upande wa pili. Mtoto aanze na mgongo wa mkono wake, vifundo vya vidole vikipita juu ya manyoya. Mgongo wa mkono haushiki, kwa hiyo hauvuti. Kiganja kitakuja baada ya vikao kadhaa.

Ngumi ikifunga manyoya licha ya yote, usipige kelele wala usivute. Mhudumu asogeze sungura *kuelekea* mkono ili manyoya yalegee, wewe ukunje kifundo chini kama mwanzo. Sekunde chache, yametoka.

Sungura atolewe mara moja akipiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo, akilaza masikio mgongoni huku mwili umekaza, macho yakatoka hadi weupe ukaonekana, au akasaga meno kwa sauti. Mwambie mtoto ukweli: "Amechoka, anaomba kupumzika." Watoto hawa wanalielewa ombi hilo vizuri kuliko tunavyodhani.

## Hatua ya 7: Mpe kazi inayomhitaji yeye

Kupapasa peke yake kunachosha kufikia wiki ya tatu. Kinachomrudisha mtoto ni kazi ambayo asipoifanya, haifanyiki. Chagua moja kulingana na uwezo wake.

Anayetumia macho tu. Shika jani la tembele mkono mmoja na la karoti mkono mwingine, umbali wa sentimita 30 baina yao. Muulize sungura ale lipi leo. Kisha nyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wengi hukata tamaa kwenye tatu na kumwamulia, na mtoto ambaye jibu lake lilikuwa njiani anajifunza kutojibu. Jani atakalolitazama ndilo litolewe, hilohilo.

Mwenye nguvu kidogo za mkono. Amwagie chakula kutoka kikombe chenye mikono miwili, au apige brashi iliyofungwa kiganjani kwa mkanda wa kitambaa.

Anayejua kusoma namba. Awe mtunza daftari la uzito. Kila Jumatatu sungura anapimwa, yeye anasoma na kuandika. Uzito ukishuka kwa gramu 200 kwa mwezi, yeye ndiye anayetoa taarifa, na wewe unampigia afisa mifugo mbele yake. Hapo anaona neno lake limemwokoa mnyama.

Anayeweza kusukuma kitimwendo. Apeleke maji. Sungura wa kilo 3 hunywa mililita 150 hadi 300 kwa siku, zaidi wakati wa joto. Chupa inayomwagika njiani ni sehemu ya kazi, asiharakishwe.

Chakula chenyewe: nyasi kavu muda wote, ndizo zinazosaga meno yake na kuendesha tumbo. Majani mabichi konzi 2 hivi kwa siku, yaliyonyaushwa kidogo. Kipande cha karoti kiwe cha ukubwa wa kidole gumba, kina sukari nyingi. Mikate, wali na biskuti vinaweza kumuua, na watoto wakarimu hupenda kuvigawa, kwa hiyo kusiwe na chakula cha watu chumbani.

## Hatua ya 8: Kufunga na kunawa

Kikao kisizidi dakika 20. Sungura mmoja afanye vikao 2 kwa siku, siku 3 kwa wiki, na apumzike saa 1 katikati. Mjulishe mtoto dakika 2 kabla: "Mpapase mara tatu, halafu anarudi nyumbani." Kuagana kuwe vilevile kila siku. Kumnyang'anya ghafla kunafuta utulivu wote uliopatikana.

Kunawa ni maji yanayotiririka na sabuni kwa sekunde 20. Futa meza, na futa pete za magurudumu ya kitimwendo, maana mtoto anayejisukuma atarudisha uchafu uleule mkononi, kisha mdomoni. Mkwaruzo uoshwe kwa sabuni na maji, ukaguliwe siku 3 mfululizo. Jeraha la mbwa au paka ni jambo jingine: osha kwa maji na sabuni dakika 15, na hospitali siku hiyohiyo kwa sindano za kichaa cha mbwa.

Mtoto akipata degedege katikati ya kikao, mhudumu anaondoka na sungura bila neno. Mwenzake anabaki na mtoto, anamwegemeza kichwa, anampatia hewa, haweki kitu mdomoni.

## Hatua ya 9: Pima, usikisie

Chagua lengo 1 kwa wiki 8. "Afurahi" si lengo. "Achague jani ndani ya sekunde 10" ni lengo, na vivyo hivyo "amweleze mama jambo moja kuhusu sungura akifika nyumbani." Kabla na baada ya kikao mtoto aonyeshe kadi ya sura. Andika na muda aliodumu kwenye kazi, na mzazi aseme alilalaje usiku.

Tarajia wiki 2 za mwanzo zisionyeshe kitu. Kama kufikia wiki ya 6 sura ni ileile ya huzuni, au mtoto amejikunja zaidi, sitisha na umpeleke kwa mtaalamu wa saikolojia. Huzuni nzito ya mtoto haibebwi na sungura.

## Sungura akifa

Atakufa, siku moja. Usinunue mwingine anayefanana naye usiku ukamweka bandani. Mtoto aliyempapasa kila wiki atajua kwa kidole kimoja, na atajua pia kwamba umemdanganya.

Tumia neno lenyewe: amekufa. "Amelala" humfanya mtoto aogope kulala, na "amesafiri" humfanya amngoje. Wengi wa watoto hawa wamelazwa hospitali mara nyingi, na baadhi wamewahi kupoteza mwenzao wa kitanda cha jirani, wanalijua jambo hili. Mwambie pia kwamba si yeye aliyemuua. Mtoto ambaye mkono wake uliwahi kuvuta manyoya atajiuliza hivyo, hata asipotamka.

Mruhusu awepo wakati wa kuzika, kitimwendo kisogezwe hadi ukingoni mwa shimo, na aamue nini kiwekwe juu. Shimo liwe la kina cha nusu mita ili mbwa wasifukue. Sungura aliyebaki atakuwa na upweke, na kumtunza katika siku hizo kunahitaji mtu. Mpe mtoto brashi.